Pédale Yenye Inasikia Muguu Kinyume

Katuba, tarehe 13 octobre 2024

Yaya Paulin,

Niko na neno moja yenye sijaambia muntu, ataa ku confession. Siku yenye ulipanda train ya Kalemie, wakati Mama alikuwa analia na Papa anapunga na kofia yake ya zamani ya cheminot, ya kazi ya train, miye nilikuwa na furaha. Haikuwa furaha ya kuona unaenda kwa Mungu. Ni juu batterie yako, zile ngoma za courant, ilibakia.

Sasa njo nakupatia jambo. Najua banaanzaka na jambo, lakini nikianza na jambo nitafika mwisho wa karatasi bila kusema kitu, unanijua.

Jambo sana, yaya. Siye tuko. Mama anachoka. Anatoka na makala yake, makaa ya kuuza, asubui, anarudia na mangaribi, anakaa ku mulango na viatu mu mukono kama vile hajue afanye nayo nini. Papa iko paka Papa, hageuke. Kila muntu anapita pa lupango, pa uwanja yetu, anamuambia: "Mutoto wangu iko ku noviciat, anajifunza upadri." Jana alimuambia ataa ule muntu wa umeme, wa kukata courant. Ule akajibu: "Mungu ni mukubwa, papa," kisha akakata courant.

Neno yenyewe ni hii. Kisha weye kuenda, courant ilirudia na nguvu, ikaunguza module yako, kale kasanduku kenye kutosha sauti. Moshi kadogo, harufu ya caoutchouc, ya mpira, basi. Nilijifungia mu chambre nikalia. Papa alivaa viatu yake. Alienda mupaka Kampemba, akarudia na module ingine, ya marque ingine kabisa. Asema: "Batterie ya Père haiwezi kubakia bubu." Anakuitaka Père, padri, sasa, ujue.

Lakini pads, ile ma caoutchouc ya kupiga, ni ya bantu bengine, module ya bantu bengine, na hazisikilizane. Caisse claire, ile ngoma ya mbele, inalia pa katikati, lakini ku kando, pale ku cercle, hailie. Nikipiga ngoma ya tom, cymbale, ile sahani ya juu, njo inajibu. Na pédale ya charleston, zile sahani mbili za kufunga na kufungua na muguu, haisikie muguu ataa kidogo.

Unaona naandika kama muntu anajua. Ndiyo, yaya. Tangu ulienda napiga kila siku kukiwa courant, na casque ku masikio. Inje inasikika tu tap-tap ya baguettes, bijiti bya kupigia, ku caoutchouc. Mama anafikiri ni panya mu plafond, kule juu ya nyumba. Alisha kununua dawa.

Usiambie muntu. Najua banabakatazaka téléphone mwaka muzima ya noviciat, njo naandika. Na naandika mu Swahili juu ku masomo ni paka Français, na mu Français mambo yangu inakuwa kama dissertation. Ba Mama Hortense, ule mama wa kuuza samaki, banapanda train kwenda kununua samaki ya mikebuka kule kwenu. Njo batakuletea karatasi hii.

Mudogo yako,
Benita


Kalemie, tarehe 24 novembre 2024

Mudogo yangu Benita,

Jambo kwako, jambo kwa Mama na kwa Papa. Barua yako ilifika yote na harufu ya samaki. Confrère mumoja wa noviciat aliniuliza: "Paulin, dada yako anaishi mu ziwa?" Tulicheka. Ilikuwa siku mingi sijacheka.

Hapa niko muzuri. Tunaamuka, tunasali, tunalima, tunasali. Muhogo inaota muzuri. Niko muzuri.

Ile furaha yako, niliisoma mara mingi. Sikasirike. Ungeweza kuniambia mbele niende. Ningekuonesha ginsi ya kukamata baguettes. Najua unazikamata kama muiko ya kusonga bukari.

Sasa sikia. Pad yenyewe haijue marque. Ndani yake kuko paka kasahani kadogo, kembamba, kanasikia mutetemeko na kutuma courant kidogo sana. Module njo iko na kiburi.

Kwanza angalia waya. Ulikamata waya ya guitare ya chorale, ndiyo? Najua, hakuna ingine mu nyumba. Angalia ile chuma ya jack, ncha ya waya: kama iko na pete nyeusi moja, inabeba sauti moja tu. Pad yenye katikati na cercle inaomba jack ya pete mbili. Pédale pia. Kisha ingia mu menu ya module. Utakuta majina ya pads yabo paka, kama vile pads ya bengine haziko ku dunia. Usiogope, kamata jina moja, piga, sikiliza. Inakatala, kamata ingine. Kuko moja yenye itafanana na yetu.

Tom kuita cymbale, ni juu byote binashikana ku chuma moja na mutetemeko inatembea. Kaza ma vis, ile misumari ya kuzungusha, tia kipande ya caoutchouc kati. Kisha pandisha seuil kidogo, ndiyo ile nambari yenye inaambia module "pigo ndogo kuliko hii, usiisikie". Lakini geuza kitu kimoja tu, piga, sikiliza, njo ugeuze ingine. Ukigeuza byote mara moja hutajua nini ilikusaidia.

Kama pédale inakatala tena, niandikie inakatala namna gani. "Haifanye" haitoshe.

Na tafazali, uambie Papa asiniite Père. Siko bado.

Yaya yako,
Paulin


Katuba, tarehe 19 janvier 2025

Yaya Paulin,

Mwaka mupya muzuri. Barua yako ilifika kisha Noël, juu train ilitoka ku rails njiani na ba Mama Hortense balilala mu brousse, mu pori, na samaki yabo mupaka bakapata camion. Balinipatia barua na kuniambia: "Mutoto, hii barua yenu imenitesa kuliko mikebuka yote." Mama iko na kikohozi, lakini anakatala kubakia nyumba. Papa iko na nguvu.

Sikumuambia juu ya ile jina ya Père. Nilijaribu. Nilisimama mbele yake, akaniuliza "Nini?", nikasema "Chakula iko tayari." Na chakula haikuwa tayari.

Nilienda kutafuta jack ya pete mbili kwa ba Ngosa, ule anatengenezaka maradio pa barabara ya soko. Unajua miye na kusema na bantu. Nilisimama mbele ya kibanda mupaka akainua kichwa.

"Weye mutoto, unanunua ama unakula kivuli yangu?"

"Nataka jack."

"Ya nini? Téléphone?"

"Ya batterie."

"Battery ya motokari?"

"Ya... ngoma."

Aliniangalia, akatosha miwani, akaita bibi yake: "Bibi yangu, kuya uone, kuko mutoto mwanamuke anapiga ngoma na waya!" Barabara nzima ikageuka. Nilitaka bulongo inimeze. Lakini alinipatia jack muzuri na hakunicheka tena.

Basi: cercle inalia! Mu menu ni jina ya tano njo ilifanana. Cymbale imenyamaza wakati napiga tom. Miye peke yangu, yaya. Nilikaa pale na baguettes mu mukono, nikakosa muntu wa kuonesha.

Inabakia pédale. Sasa inasikia muguu, lakini inasikia kinyume. Nikikanyaga, charleston inafunguka, inalia *tshaaa*. Nikiinua muguu, inafunga, *tss, tss*. Nilisoma menu yote, hakuna fasi ya kugeuza. Nifanye nini?

Papa alisha kuchagua pagne, kitenge, ya siku ya vœux yako, siku ya kuapa mbele ya Mungu, septembre. Ya bleu, na ma colombes, njiwa nyeupe. Familia nzima itaivaa, ataa wale ba oncle wa Kongolo benye hatuwajue. Tantine Virginie anasema ma colombes inafanana na kuku. Papa hakucheka.

Benita


Kalemie, tarehe 30 mars 2025

Benita,

Jambo kwenu bote. Mama akunywe maji ya moto na limau. Hapa mvula haiishe, ziwa imepanda, njia ya shamba yetu iko mu maji. Nachoka kidogo. Ni mvula.

Kitanda yangu, ingali pale pa dirisha? Nauliza tu. Mangaribi, kisha masala, nakaaka nakumbuka vile mwangaza unaingia pale, na ule mutoto wa jirani anapita na tairi yake.

Pagne, Papa alisha kuinunua ama ni kuchagua tu?

Usali juu yangu.

Paulin


Katuba, tarehe 15 juin 2025

Yaya Paulin,

Jambo. Mama alipona kikohozi. Ku masomo nilimaliza ma examens, nachoka mupaka ku macho. Courant inakuya saa yake, inaenda saa yake. Papa anakusalimu, asema utufundishe ile wimbo ya Kalemie yenye mutaimba siku ya vœux.

Pagne ilinunuliwa. Iko mu malle, ile sanduku ya nguo, chini ya draps za kitanda ya wageni.

Yaya, barua yako ilikuwa fupi kama ya muntu anaandika amesimama. Na haukujibu juu ya pédale. Weye unaweza kusahau kula. Haujasahau pédale tangu nikujue. Nilingoja jibu avril, mai. Hakuna. Basi nilifanya ujinga: nilizoesha muguu. Najifunza kuinua wakati ya kufunga na kukanyaga wakati ya kufungua. Ilikuwa ngumu, muguu ulikuwa unalia usiku kama jino. Sasa nafanya bila kufikiri. Ukinipatia batterie ya bantu bote, siweze kuipiga. Najua paka hii moja, yenye inasikia kinyume.

Na kuko neno ingine. Ba Cathy, ule mama mukubwa wa chorale, balikuya kutafuta Mama, bakanikuta na casque, macho yangu yamefungwa. Balisimama pale, sijue wakati gani. Kisha balitosha casque ku kichwa yangu, bakatia ku yabo, bakasema: "Piga." Nilipiga. Bakasema: "Pentecôte, weye njo utapiga." Nikasema hapana. Bakasema: "Sikukuuliza."

Nilipiga, yaya. Mu kanisa yote. Niliomba tu bageuze batterie, nitazame ukuta, nisione macho ya bantu. Papa alikaa banc ya mbele. Njiani kurudia alitembea mbele yangu mupaka pa lupango yetu. Pale akasema: "Paulin angefurahi." Basi. Sijue kama ilikuwa muzuri ama mubaya.

Juu ya kitanda, usihangaike.

Lakini uniambie iko nini. Miye nilikuambia yangu ya kwanza, ile mubaya.

Benita


Kalemie, tarehe 12 juillet 2025

Mudogo yangu,

Jambo kwako. Natuma hii na ba Mama Hortense benyewe, mu mukono. Nilibaambia basipatie muntu mwingine.

Ni kweli. Ulinipatia yako na miye nikakupatia mvula.

Sitafanya vœux. Nilisha kusema na Père Maître, mukubwa wetu wa noviciat. Hakunikasirikia, hakuna muntu alinifukuza, hakuna kitu mubaya nilifanya. Tulikaa mu jardin, akaniuliza ni nani alitaka nikuwe Père. Nikafungua mudomo kusema "miye", mudomo ikakatala. Nilikuwa na myaka kumi. Nilirudia kutoka ku misa, nikasema pa meza: "Miye nitakuwa Père." Papa alisikia ile. Tangu pale hakusikia tena kitu ingine kutoka kwangu, na miye niliacha kusema ingine.

Hapa kuko ngoma mu chapelle. Baliniomba nipige, nikakatala, nikasema sijue. Niliwaongopea, Benita. Juu nikigusa ngoma najikuta mu Katuba.

Sichoke na Mungu. Nachoka kuwa ile neno yenye Papa anaambiaka bantu pa lupango.

Nitatoka mwisho wa août. Lakini siweze kufika pa mulango na malle yangu na Papa iko na pagne mu mukono. Umuambie mbele nifike. Weye njo uko pale. Najua ninakuomba nini. Najua ginsi unaendaka kununua chumvi na kurudia bila chumvi juu boutique iko na bantu. Lakini siko na mwingine.

Kama huwezi, uniandikie paka "hapana". Nitabakia, nitafanya vœux, nitazoea. Weye ulizoesha muguu.

Sasa pédale. Samahani. Niliisoma mu février na nilijua jibu siku ile ile; sikuwa na nguvu ya kufurahia kitu. Haiko ya kupona mu menu. Fungua pédale chini. Ndani kuko kitu kadogo kenye miguu tatu mu mustari. Waya moja inashikana ku muguu ya katikati, ingine ku muguu ya kando. Ile ya katikati usiiguse. Ile ya kando, uitoshe na fer à souder, ile chuma ya moto ya kushikanisha waya, uipeleke ku muguu ya kando ingine, yenye haina kitu. Basi. Module ya zamani ilikuwa inahesabia kutoka fasi moja, hii mupya inahesabia kutoka ingine. Pédale haikukosa kitu.

Yaya yako,
Paulin


Katuba, tarehe 3 août 2025

Yaya Paulin,

Jambo. Mama iko ku soko. Papa alienda ku réunion ya mabwana wa kanisa, banapanga camion ya kubeba familia ku gare ya train mu septembre. Niko peke yangu mu nyumba, ni muchana, courant iko.

Mbele nikuambie juu ya kitanda. Haiko. Wiki yenye ulienda, Papa aliipatia ba Edouard wa lupango ya pili, asema Père analalaka ku kitanda ya Kanisa. Na pale pa dirisha, miye njo nilipeleka batterie. Haraka sana, mbele Mama atie pale ma sac ya makala. Nilikamata fasi yako na nikaandika "usihangaike". Ni juu nilikuwa naogopa ukirudia. Nilisoma barua yako ya mvula na nikajua, yaya. Mu juin nilisha kujua. Nilikuuliza "iko nini" na moyo wangu ulikuwa unasema: asijibu.

Pédale, nilienda kwa ba Ngosa kuomba fer. "Ah, mwenye ngoma ya waya!" Aliniachia kiti yake. Niliunguza kidole, lakini nilipeleka waya ku muguu ingine vile ulisema. Nikarudia, nikawasha, nikakanyaga. *Tss.* Ilifunga. Kama pédale ya bantu bote.

Na sikuweza kupiga tena. Muguu wangu ulikuwa unainuka wakati ya kukanyaga. Byote biliharibika, nilipiga kama mutoto wa jana. Nilifikiri niombe fer tena: nirudishe waya vile ilikuwa? Sikuirudisha. Natembeza muguu polepole, na mangaribi mapaja inauma.

Papa. Nilijaribu Jumatatu, alikuwa anasikiliza radio. Nilijaribu pa chakula. Nilisema "Papa, yaya Paulin..." akanikata: "Unajua, ba oncle wa Kongolo batakuya kumi na mbili!" Macho yake ilikuwa inang'aa, nikakusanya masahani. Ijumaa nilimufuata mupaka ku mulango ya inje, nikashika mulango, nikaachilia.

Nilifikiri pia ile neno moja, "hapana". Ni rahisi kuiandika. Ungebakia, na batterie ingebakia. Niliiandika ku karatasi ingine kuona ginsi inafanana. Nikaangalia, kisha nikaiunguza ku moto ya mbabula ya Mama.

Leo asubui nilitosha batterie pa dirisha. Nilifungua waya moja moja, nikafunga kila moja na kipande ya kitambaa ili nisisahau ya tom na ya cymbale. Nilipeleka byote ku kona ya mulango, fasi mubaya, mulango haufunguke muzuri. Pa dirisha kuko bulongo mutupu na alama ya miguu ine ya kitanda yako, ingali inaonekana. Ukirudia, tutapiga siye bote babili. Weye asubui, miye mangaribi. Ama tutapigana, sijue.

Barua zako zote naficha chini ya pad ya tom kubwa, ni pana, hakuna muntu anainuaka. Kila mara nasikia viatu ya Papa ku changarawe, nasukuma karatasi pale na nakamata baguettes.

Sasa nasikia viatu. Ni yeye, anaburuta ule wa kushoto. Anasema jambo na ba Edouard ku clôture ya lupango. Anacheka. Anakuya.

Niliweka barua yako ya juillet juu ya caisse claire, imefunguliwa, karibu ya hii yenye naandika. Baguettes niko nazo chini ya kiti. Yuko pa mulango, mulango unagonga ku cymbale, anauliza nani alitia hii bitu hapa.

Sifiche. Nasimama, namupatia kiti.

*

Paulin,

Benita aliniachia kiti na yote hii mbele yangu, kisha akaenda kusimama pa dirisha na mugongo. Hajageuka mupaka sasa. Nimesoma polepole, miwani yangu haiko muzuri.

Nimekasirika na nitakasirika siku mingi. Usibakie kule juu ya kasirani yangu.

Ile kofia yangu ya cheminot, naivaa siku ya gare tu. Nitaivaa mwisho wa août. Pagne tutavaa ku Noël, Mama yako atapata cha kuambia bantu muzuri kuliko miye. Kitanda naenda kuiomba kwa Edouard sasa hivi, mbele asikie kwa bengine.

Ile ya panya mu plafond, nilijua tangu siku ya kwanza ni Benita. Ni juu ya ile njo nilitafuta module.

Papa yako,
Alphonse